Twiga Hana Jina: Juu ya Kuchora Wanyama na Kujifunza Kuchora Nyuso

Mjomba wangu alipofariki hapa Mzinga, familia ilinipa kazi ambayo nilidhani ingenichukua jioni mbili. Picha pekee ya marehemu iliyokuwapo ni ile ya kadi yake ya mpiga kura, ndogo kama kucha ya dole gumba, imesuguliwa na mfuko wa shati hadi macho yamekuwa madoa mawili ya kijivu. Wakasema: wewe unajua kuchora, tuchoree tumwone.

Ni kweli nilijulikana kuwa mchoraji. Tangu shule ya msingi nilichora wanyama, na nilipokuwa kijana mwenye kutafuta karo nilipaka twiga kwenye kuta za madarasa ya watoto na tembo kwenye mabango ya nyumba za wageni katika barabara iendayo Mikumi. Mkono wangu uliweza kuchora pundamilia huku nikizungumza na mtu. Basi nikakaa, nikachora uso wa mjomba, nikampelekea mama mdogo, aliyekuwa dada yake wa mwisho aliye hai. Akautazama kwa muda mrefu, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema: «Mwanangu, huyu ni mtu mzuri. Lakini si kaka yangu.»

Ilinichukua zaidi ya mwaka kulielewa kosa langu. Katika miaka yote ya kuchora wanyama sikuwahi kumchora mnyama mmoja. Nilimchora tembo, yaani tembo wote. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya bango langu akasema huyu siye. Twiga wa ukutani hana jina, hana dada, hana deni wala kovu. Madoa yake nikiyapanga visivyo, hakuna anayedhulumiwa. Uso wa mtu haukubali hivyo. Jicho likipanda kidogo tu, umekwisha kumchora mtu mwingine, na aliyekusudiwa amepotea mara ya pili.

Nikiwa mtu wa kufundisha, kosa langu likanirudisha vitabuni na kwenye makumbusho, kwa swali ambalo sikuwahi kujiuliza: katika nchi hii, nani amechorwa kwa uso wake, na nani amechorwa kama twiga?

Watu wasio na nyuso

Tuanze mbali. Katika vilima vya Irangi, Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili. Mtu anayeitazama michoro ile myekundu hushangazwa na jinsi wanyama walivyotazamwa kwa makini: shingo ya twiga, uzito wa tembo, nundu ya pofu. Watu nao wapo, warefu, wembamba, wengine na vichwa vilivyopambwa kwa mitindo ya nywele. Lakini macho, pua na midomo yao kwa kawaida havipo. Aliyechora alikuwa na uwezo wote wa kutazama. Alichagua kuwaacha watu bila nyuso.

Karibu zaidi na hapa nilipo, Waluguru, kama Wakwere na Wazaramo, walikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti alichopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Ni gogo dogo la mviringo, halina mikono, kichwani lina nywele zilizogawanyika kama vilele viwili. Uso wake ni alama chache tu, na mara nyingine hata hizo hazipo. Mwali alikitunza kama mtoto. Nami nakisoma hivi: mtoto yule bado hajazaliwa, na atakapozaliwa atakuwa wa ukoo kabla ya kuwa wa nafsi yake. Katika milima hii ukoo hufuata upande wa mama, na jina hukaa kuliko mtu. Anayerithi kiti cha Kingalu huitwa Kingalu kama aliyemtangulia; wenye sura wanapita, jina linabaki.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kukosekana kwa uso ni upungufu wa ustadi wa mababu. Wamakonde wa kusini, katika vinyago vya ngoma ya mapiko, walichonga nyuso za kibinadamu zenye chale, nywele na tabia, nyuso ambazo mtu angeweza kuapa kwamba amewahi kukutana nazo njiani. Uwezo ulikuwapo. Kila jamii iliamua wapi uso unahitajika na wapi jina la ukoo latosha. Mwenye uamuzi alikuwa mwenye uso.

Kichwa bila uso

Kilichobadilika na ukoloni ni mwenye uamuzi. Mwaka 1898 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikakatwa. Madai ya fuvu lake yaliingizwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Gavana Edward Twining alipokwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen mwaka 1953, alikuta rafu za mafuvu, akachagua moja kwa vipimo, kwa kulinganisha na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Fuvu hilo lilirejeshwa Kalenga mwezi Juni 1954. Tazama ilivyo: dola lilikuwa na vichwa vingi mno vya watu wetu, na halikuwa na njia ya kumtambua mmoja isipokuwa rula. Lilihifadhi mifupa bila majina, kama mtu anavyohifadhi pembe.

Mwaka mmoja baadaye likatokea jambo katika milima hii ninayoiona dirishani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru, na nguzo yake ilikuwa kulazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mtaalamu aliona mteremko na mmomonyoko. Mkulima aliona kazi ngumu isiyo na malipo, na udongo mfu wa chini ukiletwa juu huku ule mwembamba wenye rutuba ukifukiwa. Mwezi Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, na mpaka uzee wake alikuwa akisimulia jinsi mama yake alivyorudi na jembe begani siku ile bila kusema neno.

Katika maandishi ya watawala wa wakati ule, wanaotenda na kutendewa ni «Waluguru». Waluguru wamekataa, Waluguru hawaelewi, Waluguru wameshawishiwa. Ni lugha ileile ya kuandika habari za nyumbu: kundi limehama, kundi limestuka. Nimewauliza wanafunzi wangu mara kadhaa jina la mtu aliyekufa Matombo. Wanalijua jina la gavana.

Thamani ikipanda, mtu hutoweka

Uhuru ulileta uso mpya. Sarafu zetu za kwanza, za mwaka 1966, zilibuniwa na msanii Mwingereza Christopher Ironside. Upande mmoja uliwekwa uso wa Mwalimu Nyerere. Upande wa pili, senti tano ilipata sulisuli, senti ishirini mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi moja mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Kwa nchi ambayo fedha yake ilikuwa imebeba nyuso za wafalme wa Uingereza, haikuwa hatua ndogo. Mtu mweusi, mwana wa Butiama, alitazamika kiganjani mwa kila mwuza karanga.

Lakini angalia mpangilio wenyewe. Upande mmoja mtawala, upande wa pili mnyama. Mpangilio huo haujatoka. Sarafu ya shilingi hamsini ina Mzee Mwinyi na kifaru. Ya mia ina Nyerere na swala. Ya mia mbili ina Karume na simba. Ya mia tano, iliyotolewa 2014, ina Karume na nyati. Katika noti za toleo lililoanza kutumika 2011, mia tano ilikuwa na Karume na elfu moja ina Nyerere. Kisha watu wanaisha. Elfu mbili ni simba, elfu tano ni kifaru, elfu kumi ni tembo. Kadiri thamani inavyopanda, mtu hutoweka na mnyama huchukua nafasi.

Sidai kwamba mtu fulani alikaa ofisini akakusudia tusi hilo. Kuna busara ya kutoweka viongozi walio hai kwenye kila noti, na tembo hana chama. Nasema tu kwamba fedha ni kitabu cha picha kinachosomwa na wananchi wote kila siku, na kitabu chetu kinatufundisha kwamba wenye nyuso ni wachache mno, na kilichobaki ni mbuga.

Dunia nayo ilitusaidia kuamini hivyo. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu kuhusu Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar. Walikuwa wameruka angani kwa ndege ndogo wakiwahesabu wanyama. Ni kazi iliyosaidia kuiokoa hazina kubwa, na Michael alifia humo. Lakini tangu wakati ule, anayefikiria Tanzania akiwa Frankfurt au Chicago huona kwanza tambarare na kundi linalohama. Ukiwa juu angani, uso hauonekani.

Kijana wa Tunduru

Hapa ndipo nilipokutana na mwalimu wangu wa kweli katika kuchora wanyama, ingawa sikuwahi kumwona. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani na vibarua. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa vitu vilivyokuwa karibu: mbao laini za dari, na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores, mahali ambapo wageni walikuja kununua mahitaji yao. Wanunuzi walitaka wanyama, naye aliwapa wanyama: chui mwenye macho ya duara, ndege mwenye mkia kama shada la maua. Aliwafundisha jamaa zake, nao wakawafundisha wengine, na hadi leo pale Morogoro Stores ndipo kilipo kituo chao.

Mtindo ule una hekima ya mtu asiye na mtaji. Rangi ya baiskeli hukauka ikiwa na mpaka mkali. Haipendi kuchanganywa taratibu kutoka mwanga kwenda kivuli. Ni nzuri kwa doa la chui, ni ngumu kwa shavu la mzee. Wachoraji waliofuata wamechora hospitali, masoko na mitaa iliyojaa watu, na nyingi ya picha hizo ni za kuchekesha na za kweli. Ila tazama nyuso: mara nyingi hurudiwa moja kwa moja, kama mhuri. Umati umechorwa kwa sheria ileile iliyomchora twiga.

Tingatinga alikufa mwaka 1972, kazi yake ikiwa haijatimiza miaka mitano. Polisi walimpiga risasi wakidhani wanafukuza wahalifu. Mtu aliyewapa wageni chui na tembo wa nchi hii, ambao hata sasa wananing'inia kuta za dunia nzima, aliuawa kwa sababu usiku ule alionekana kama mtu yeyote.

Sitaki kuifanya habari hiyo kuwa fumbo zuri. Ni mauaji. Lakini kila ninapoifikiria naona tofauti kati ya kumwona mtu na kuona aina ya mtu, na naona kwamba inaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Waliothubutu

Wapo walioishughulikia haja ya uso. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere kwa Margaret Trowell na kisha kuwa Balozi wetu wa kwanza London, aliwachora watu wa Kilimanjaro wakilima, wakivuna, wakibeba pombe ya ndizi kwenda harusini. Watu wake ni wadogo na nyuso zao ni kivuli tu. Aliyevutwa nacho ni ushirika. Elimo Njau wa Marangu alikwenda mbali zaidi. Katika kanisa la Murang'a, Kenya, mwaka 1959, nchi ikiwa bado katika majonzi ya vita vya Mau Mau, alichora ukutani maisha ya Yesu akiwa Mwafrika katika mandhari ya Kikuyu. Waumini waliofundishwa kwa picha zilizoletwa kutoka Ulaya waliinua macho wakakuta sura za jirani.

Na katika gazeti la chama, *Uhuru*, Christian Gregory alimwumba Chakubanga, mtu wa kawaida mwenye vituko, aliyeteleza na kulalamika katika miaka ya Ujamaa. Wazee wengi bado huita kibonzo chochote «chakubanga». Ajabu iliyoje: katika gazeti lililojaa picha za viongozi wakifungua miradi, uso uliopendwa zaidi ulikuwa wa mtu asiyefungua chochote.

Jinsi uso unavyochorwa

Nilijifunza taratibu, tena ukubwani. Kosa la kwanza la mchora wanyama ni macho. Huyaweka juu mno, kwa kuwa amezoea vichwa vyenye paji fupi. Katika kichwa cha mtu macho yako katikati kabisa ya urefu. Pima kwa kijiti utashangaa. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kukoma usawa wa chini ya pua. Kosa la pili ni mstari. Mnyama wa bango huzungushiwa mstari mweusi. Uso hauna mstari, una vivuli vinavyokutana. Niliweka brashi pembeni, nikachukua mkaa.

Lakini vipimo vilinipa kichwa tu, kama vilivyompa Twining fuvu. Kilichobaki ilikuwa kutazama, na kumtazama mtu kunahitaji ruhusa. Tembo hakuulizi unamtazamia nini. Mama mmoja anayeuza ndizi kando ya barabara aliniuliza: «Unanichora mimi, au unachora muuza ndizi?» Nikakosa jibu, kwa kuwa karatasini nilikuwa nimeanza na beseni.

Baadaye nikagundua kwamba swali lake ndilo ninalopaswa kuwauliza wanafunzi wangu, ambao wengi wao watakuwa maofisa. Mwandishi wa mpango wa wilaya huandika «wananchi», «walengwa», «kaya», «wamachinga», «wafugaji». Maneno haya ni ya lazima. Serikali haiwezi kupanga kwa kumtaja kila mtu. Hata mimi siwezi kuacha vipimo nikatarajia uso ujitokeze. Hatari huanza pale ofisa anapoamini kwamba akimjua mmachinga amemjua huyu aliyesimama dirishani. Matuta ya 1955 yalibuniwa na watu wenye elimu na nia nzuri ya kuokoa udongo. Waliwajua Waluguru. Hawakumjua mwanamke yeyote mwenye jembe begani, na hakuna aliyemwuliza kwa nini udongo wa chini haufai.

Tena tusidhani kwamba teknolojia imetutatulia jambo hili. Tangu uandikishaji wa wapiga kura wa 2015, mamilioni ya nyuso na alama za vidole zimo katika mashine. Hatujawahi kuwa na nyuso nyingi kiasi hiki mikononi mwa ofisi. Lakini uso wa kwenye kadi umepigwa ili mtu asijifanye mwingine. Ni uso wa kumzuia, na mwenyewe hukatazwa hata kutabasamu. Mjomba alikuwa nao, na ulipohitajika kumkumbuka haukufaa kitu.

Nilirudi kwa mama mdogo mara nne. Mara ya pili alisema pua ni yake, mdomo bado ni wa mtu mwingine. Mara ya tatu aliwaita wajukuu, wakabishana, kila mmoja na mjomba wake. Nikaacha kuchora jioni hiyo nikasikiliza, na ndipo nilipojua jambo ambalo kadi haikulisema: jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kidogo, limefumbwa nusu, kama la mtu anayetazama kilimani jua likiwa mbele yake.

Mara ya nne nililifumba jicho. Mama mdogo hakusema lolote kuhusu picha. Aliishika, akaanza kumsimulia mjukuu habari ya siku ile bibi mkubwa aliporudi na jembe kutoka Matombo, na nani alikuwa mlangoni kumpokea. Alitaja majina. Nimeyaandika yote, kila jina peke yake, kwenye ukurasa wake.